Jina Lisilo na Sanduku

Ukishuka Tibirinzi, hapa Pemba, kwa njia ya msikitini, kabla hujaifikia transfoma inayonguruma, utaikuta nyumba ya Mbaruk yenye barza mbili za sementi za kukalia, moja kila upande wa mlango. Ya kushoto imebaki kuwekea magunia na baiskeli isiyo na mnyororo. Ya kulia, baada ya sala ya alasiri, hukaa watu ambao majina wanayoitana hayamo katika kitambulisho cha yeyote kati yao. Mbaruk mwenye nyumba anaitwa Waziri, ingawa wizara yake hakuna aliyepata kuiona, maana maisha yake yote aliyamaliza katika ukarani. Jabir anaitwa Injinia kwa sababu aliwahi kuifungua redio ya jirani akaifunga tena, na skrubu zilizobaki anazo mpaka leo. Ngwali, mwenye dele la kahawa, lakabu hana, kwani anasema kutoka kisiwa cha Kojani ni lakabu tosha. Wa nne ni Haidar, na huyo wanamwita Posta.

Jina hilo Haidar alilipata kihalali. Kazi yake ni kuiangalia seva ya barua pepe katika chuo kimoja cha pale mjini, mashine iliyofungiwa katika chumba kidogo chenye baridi ambacho ufunguo wake anao yeye. Zamani, barza ilipokuwa imejaa mpaka wengine wanakalia matofali, alimwomba mkuu wa chuo ruhusa akawafungulia wenzake masanduku ya barua katika seva ile. Kisha akawatengenezea jina moja la pamoja, barza. Jina hilo halikuwa na sanduku lake lenyewe. Barua ikiandikwa kwa barza, mashine ilitazama orodha aliyoipanga Haidar, ikawakuta Waziri, Injinia, Nassor, Ishak, Fahmi na Haidar mwenyewe, ikampelekea kila mmoja nakala yake. Nassor alipokwenda Maskati, Ishak alipohamia Unguja, na Fahmi alipofuata kazi Dar es Salaam, jina hilo ndilo lililobaki kuwaweka pamoja.

Kila aliyeondoka alimshika Haidar mkono akamwambia maneno yale yale: kila Ijumaa unifikishie salamu zangu barzani. Na salamu ni amana. Ukipewa uifikishe, huwezi kuilalia. Kwa hiyo kila Ijumaa Haidar husafisha koo akasema Nassor anakusalimuni, Ishak anakusalimuni, Fahmi anakusalimuni. Barza huitikia, naye hapo hapo hutoa simu akaandika kwa jina lile la pamoja kwamba salamu zimefika na waliopo wanawasalimu waliopo mbali. Hakuwahi kuongeza chumvi. Waziri akiuliza Nassor kasema nini kuhusu mguu wake, Haidar humjibu kwamba hakusema.

Tusizunguke, Haidar ni mpweke. Mkewe waliachana kwa wema na sasa kaolewa Wete. Watoto hawakujaaliwa, na mama yake, aliyekuwa akimfungulia mlango kila magharibi, ametangulia mbele ya haki. Akirudi nyumbani husikia mlio wa funguo zake mwenyewe na basi. Hadithi hana, utani haumkai mdomoni, mpira haufuati. Pale barzani kitu chake ni kimoja tu, salamu za Ijumaa. Kwa muda ule mfupi watu wote humgeukia yeye, na siku zilizobaki hukaa ukingoni mwa barza akisikiliza, akiingoja Ijumaa nyingine.

Ijumaa hii alikuja na uso wa mtu aliyeamka na homa. Alikaa, akapokea kikombe, na koo hakulisafisha.

— Posta, wasafiri wasemaje? aliuliza Waziri.

— Wanasalimu wote. Lakini leo n'na jengine.

Akawaeleza. Chuo chao kinaunganishwa na makao makuu ya Unguja na seva inahamishwa. Asubuhi ile ile alifika fundi kutoka huko, kijana anayeitwa Fahd, na sasa hivi yumo katika kile chumba cha baridi akipitia majina yote, moja baada ya moja. Jina ambalo nyuma yake hakuna mtu, linafutwa. Jina la watu wengi, kama hili la barza, sharti lake ni kwamba wajulikane angalau watu wawili wanaozifungua barua zake. Akikosekana wa pili, linafutwa leo kabla ya magharibi, kwani kesho fundi anapanda boti kurudi kwao.

Waziri alitaka kwanza aelezwe ni kitu gani hasa kinachofutwa, maana yeye miaka yote hii alidhani barza ni pale walipokalia. Aliipiga kofi sementi kuhakikisha.

— Ni jina tu, alisema Haidar. Halina sanduku. Mtu akiliandikia, mashine ndiyo ijuayo imgongee nani.

Waziri alifahamu mara moja, na kufahamu kwa Waziri ndiko kunakotia hofu. Aliweka kikombe chini akaanza kusimulia sanduku la posta la marehemu babake, enzi walipokuwa na mashamba ya mikarafuu kule Mgogoni. Sanduku lilikuwa moja, alisema, na barua za kijiji kizima zikijia humo, kwa mkono wa babake, za wachumaji, za wapagazi, mpaka za mwalimu wa chuo cha Kurani. Babake akirudi mjini alikaa uwani, watu wakaja kuchukua zao. Hilo ndilo jina lisilo na sanduku, yeye alizaliwa akalikuta, na mashine isijidai imeligundua. Hapo angalau alikuwa anasema kweli. Lakini hakukomea hapo. Akaendelea kwamba wakubwa hawakupata kulipenda jambo hilo hata siku moja, kwa sababu mtu anayepokea barua kwa mkono wa mwenzake hahesabiki. Wanataka kila mtu awe na lake, peke yake, wajue wangapi tuko hai na wangapi tunajitia.

— Hii ni sensa, alisema Waziri. Wametumia mlango wa nyuma.

Injinia alicheka kwa pua. Alisema Waziri anazungumza mambo ya makaratasi ilhali hili ni jambo la umeme. Barua pepe, kama alivyoeleza, zinakuja Pemba pamoja na umeme, katika ule ule waya mnene uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Ndiyo maana umeme ukikatika na barua hazisomeki. Haidar alitaka kusema kwamba hivyo ni vitu viwili mbalimbali, lakini Injinia alikuwa ameshapanda jukwaani. Sasa umeme ukikatika ghafla, aliuliza, zile barua ambazo zimo njiani huenda wapi? Hazirudi Tanga na Pemba hazijafika. Zinakaa mle mle ndani ya waya, kwenye kina, zikingoja. Barua ya mtu mmoja ina kwake, itasukumwa na nyingine mpaka ifike. Hizi za jina la watu wengi ndizo nzito, hizo hukwama.

— Mie nakwambieni, alisema, mna salamu za Ishak mle chini za toka mwaka aliohama. Wakilifuta jina hazitakuwa na pa kutokea.

Ngwali alikuwa akisuza vikombe katika ndoo yake ndogo na kuvipanga mdomo chini. Alipomaliza alisema kwamba waya na sensa yeye havijui, ila bibi yake kule Kojani alikuwa na majina mawili, la kuitwa na la kufichwa, na la kuitwa halikuwa lake. Mambo mabaya yakija yakiuliza nyumba hadi nyumba yalitaja lile la kuitwa, yakaambiwa hapa hayupo mwenye jina hilo, yakapita. Bibi akaishi mpaka akawazika waliokuja kumwagua.

— Sasa nyinyi mna jina mnaloitwa kwa pamoja, alisema Ngwali. Likifutwa, yakija kuuliza yataambiwa nini? Yataambiwa wamo sita, na kila mmoja nyumba yake ile pale.

Kisha Injinia akauliza kama mambo hayo ya bibi yanapita katika waya wa Tanga au yana waya wao, na mzozo ukaanza upya.

Haidar aliwaacha wazozane. Alikuwa na hesabu yake kichwani, na leo kwa mara ya kwanza alijikuta anaijumlisha.

Nassor ndiye aliyekuwa wa kwanza. Kazi ya Maskati ilimzidi, akamwandikia Haidar peke yake kwamba lile sanduku la chuo hapati tena nafasi ya kulifungua, lakini asilifute jina lake katika barza, itakuwa aibu mbele ya wenzake. Barua zikija zipokee wewe, alisema, ukiona la maana utanambia. Haidar akaenda katika chumba cha baridi, akaligeuza jina la Nassor lielekee kwenye sanduku lake mwenyewe. Lilikuwa jambo dogo, mstari mmoja tu. Ishak naye akaomba hivyo hivyo, akatanguliza kwamba Nassor asijue. Fahmi akaomba, akasema Ishak asijue. Halafu usiku mmoja akaja Injinia mlangoni kuazima ngazi. Alizungukazunguka uwani, akaisifu ngazi, mwisho akasema paswedi imempotea na anaona haya kusema mbele ya Waziri, maana yeye ndiye Injinia. Haidar akamgeuzia na yeye. Ngazi hakuichukua.

Akabaki Waziri. Simu yake ilitumbukia kisimani, akamwomba Haidar amshikie barua zake mpaka apate nyingine. Nyingine aliipata, aliletewa na mwanawe, na Haidar akamrudishia njia yake kama ilivyokuwa. Akamwandikia paswedi katika kipande cha karatasi, na Waziri akakitia ndani ya kofia. Jina la Waziri basi lilikuwa linakwenda kwa Waziri mwenyewe. Tumaini la Haidar lote siku ile lilikuwa chini ya kofia hiyo.

Kosa hili, la kila mmoja kudhani barua zinasomwa na mwenziwe, lisingetokea kwa watu wengine. Mtu akitoa salamu mbele ya kundi, mmoja akiitikia amewatoshea wote, hilo kila mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Hawa nao kila mmoja aliziona salamu za Ijumaa zinakwenda na zinaitikiwa, akajua yuko mwenziwe anayezisoma, akatulia na dhamiri yake. Waziri alimtegemea Injinia, Injinia alimtegemea Nassor, na Nassor huko Maskati bila shaka aliitegemea barza nzima. Siri za wote alikuwa nazo Haidar, na kwa kuwa kila moja alipewa peke yake, hakuna aliyejua kwamba yuko na wenzake.

Fahd alifika jua likiwa limeshaanza kulainika. Alikuwa kijana wa maungo membamba, kompyuta kwapani, viatu amevivua tangu mbali kabla ya kujua kama panavuliwa. Alitoa salamu. Waziri na Injinia walikuwa wameshikana kwa maneno juu ya waya, Ngwali anamimina. Aliyeitikia ni Haidar, na ikatosha.

Walimpa nafasi, wakampa kahawa na kipande cha kashata, wakamuuliza ukoo wake mpaka wakampata ami yake aliyewahi kufundisha Chake. Adabu anayo, walikubaliana kwa macho. Kisha Fahd akasema, kwa kuona haya kidogo, kwamba majina mengine yote ameshayamaliza. Limebaki moja.

— Nimeona nisilifute nikiwa kule ndani, alisema. Nimeona nije. Tulijaribu hapa hapa, mbele yenu.

Alitaka kila mtu atoe simu yake aiweke juu ya barza. Mzee Haidar ataandika kwa lile jina la pamoja. Ikilia simu nyengine hata moja mbali na ya Mzee Haidar, yeye jina analibakisha na analihamishia Unguja na lote lililomo. Isipolia, hana la kufanya, hiyo ndiyo amri aliyopewa.

Wote waliona kwamba ni haki. Waziri aliifungua yake mpya kutoka katika kitambaa chake akailaza juu ya kitambaa hicho. Injinia aliweka yake iliyofungwa kwa mpira. Ngwali naye akaiweka, ingawa ni ya vitufe na jina lake katika orodha halimo. Alisema hataki kukaa kama mgeni.

Kilichomuumiza Haidar ni jinsi walivyokuwa na furaha. Walikaa kama watu wanaongoja kusikia mwezi umeandama. Injinia alimwambia Fahd asihangaike, ya Waziri italia mwanzo, ile ni simu mpya. Waziri akasema hapana, itatangulia ya Injinia, mtaalamu ni yeye. Kila mmoja alikuwa akimpisha mwenziwe mlangoni, na Haidar, aliyeijua nyumba yote, alimtazama Waziri tu. Alitaka kumuuliza kama ile karatasi aliitumia, akachelea kusikia jibu.

— Andika, Mzee Haidar, alisema Fahd.

Alifungua simu. Siku zote alikuwa akiandika salamu zimefika na waliopo wanasalimu. Leo hakujua aandike nini, akaandika Assalamu alaykum na kuishia hapo. Akabonyeza.

Simu yake ikalia.

Zile tatu zikalala kimya. Vespa ilipita, dereva akainua mkono, hakuna aliyemwitikia. Mwanamke wa nyumba ya pili alimwita mbuzi wake kwa jina. Injinia aliinama akaisikiliza simu yake kwa sikio, kama anayesikiliza tumbo la mgonjwa. Haidar alikuwa bado anaitazama ya Waziri, ikawa kioo chake kimezimika na chenyewe kinaonesha mbingu tu.

— Waya, alisema Injinia kwa sauti ndogo. Nilikwambieni.

Fahd alifungua kompyuta juu ya magoti. Hakuwa na nia ya kumuumbua mtu. Yeye aliona mistari tu, akaisoma kama ilivyo. Alisema majina sita yamo, lakini matano yanaishia katika sanduku moja, la Mzee Haidar, na mashine ikiona hivyo haipeleki nakala tano, inapeleka moja. La sita, la Mzee Mbaruk, linapokea barua vizuri kabisa, zimejaa tele, ila hakuna aliyewahi kulifungua tangu liliporudishwa.

Waziri alivua kofia. Alitazama ndani yake, akapitisha kidole kwenye pindo lote mpaka akarudi alipoanzia. Kofia hufuliwa, na aliyeifua hakuulizwa.

— Mie nikijua Injinia anazisoma, alisema.

— Na mie nikijua zasomwa na Nassor, alisema Injinia. Nassor mpenda kusoma.

Ngwali alichukua simu yake akairudisha mfukoni. Haidar aliona haya, na haya hiyo haikuwa yake. Walimpa siri zao azisitiri, sasa zimetandazwa juu ya barza pamoja na makombo ya kashata, na yeye ndiye aliyebonyeza. Alitaka kuomba radhi, hakujua amwombe nani kwanza.

Waziri alikuwa amezama katika jambo jengine. Alikuwa karani, na karani husoma mstari wa chini hata kama anachelewa kuufikia.

— Haidar, alisema, na lile jina la Posta hakulitumia. Basi hizi salamu za Nassor kila Ijumaa, zatoka wapi?

— Kwake.

— Kakuandikia lini?

— Hajaniandikia. Kanambia siku anaondoka, kila Ijumaa niwafikishieni. Hajanambia niache.

Hakuna aliyeweza kumtia makosani. Amana ni amana, haina tarehe ya kwisha, na mtu aliyeichukua miaka yote bila kuidondosha hata Ijumaa moja hawezi kuambiwa kadanganya. Lakini Nassor aliyekuwa akiingia barzani kila Ijumaa, akiulizwa mguu wake, akiombewa dua kwa jua la Maskati, alikuwa ameinuka na kwenda zake pale pale mbele ya macho yao, na Ishak akamfuata, na Fahmi. Barza ile ni fupi, lakini ilionekana ndefu. Injinia alijisogeza kidogo kumkaribia Waziri, kisha akajirudisha, labda akihofia ataonekana.

Fahd alikuwa akiwatazama mmoja mmoja. Hakuwa mtu wa pale, hakujua lipi linaulizwa na lipi linaachwa lipite. Aliuliza kwa wema, kama mtu anayetaka kuifahamu kazi.

— Nauliza tu, wazee wangu. Hapa nimefahamu, za Nassor anazileta Mzee Haidar, na za Ishak, na za Fahmi. Zenu nyinyi zikienda kwao anazipeleka yeye. Sasa yeye mwenyewe, salamu za kwake humletea nani?

Waziri alimtazama Injinia. Injinia alimtazama Ngwali. Ngwali aliinua dele akalitikisa ili ajue limebaki kiasi gani, akaliweka. Kila mmoja alimngoja mwenziwe, na mwenziwe akaona amengojwa, akamngoja mwengine.

Haidar naye alingoja. Hilo ndilo lililomuuma baadaye alipolikumbuka, kwamba alikaa pale na umri wake, kikombe mkononi, akingoja kama mwanafunzi anayesikiliza majina ya waliofaulu. Alidhani Waziri atasema kitu, hata utani. Ilikuwa inatosha mmoja tu aseme mie nitakusalimu. Aliona huzuni inampanda, nzito na ya zamani, na akatambua kwamba si ya leo, alikuwa akiishi nayo miaka yote na kuiita kazi.

Akainamisha macho. Simu ilikuwa bado iko wazi mkononi mwake, na ndani yake ile barua iliyofika, Assalamu alaykum, kutoka kwa barza, haijaitikiwa. Salamu ikikufikia huna budi kuiitikia, hata ikiwa umetoa mwenyewe na imekurudia kwa sababu hapakuwa na mlango mwengine. Haidar aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Hakupunguza hata neno. Akaipeleka kwa barza.

Simu ikalia mkononi mwake.

Injinia aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa umefunguka, na Waziri naye akageuka haraka, kofia ingali mkononi.

— Nani huyo? aliuliza Injinia. Nassor?

— Barza, alisema Haidar. Yaniitikia.

Akamrudishia Ngwali kikombe, akamwambia Fahd kwamba sasa anaweza kulifuta.